Je, kufanyia gari marekebisho bila taarifa kumnyime mteja fidia yote?

Mchangiaji aliyetangulia ameshikilia kwamba mteja anayebadilisha chochote katika gari lake bila kuiarifu kampuni ya bima amevunja mkataba, na kwa hiyo asilipwe kitu, hata kama ajali haikuhusiana na badiliko hilo. Msingi wa hoja yake naukubali. Kampuni hupanga ada kwa kutegemea yale inayoambiwa, na mtu aliyefunga tabo au kubadilisha programu ya injini ili kuongeza nguvu, kisha akaendelea kulipa ada ya gari la kawaida, anawabebesha wateja wenzake hatari ambayo hakuilipia.

Hitimisho lake ndilo ninalolipinga. Marekebisho hayafanani: springi zilizofupishwa hubadilisha namna gari linavyokata kona, ilhali rimu za urembo pengine huwavutia wezi tu, na king'ora hupunguza hatari badala ya kuiongeza. Vidhibiti vya mkono anavyofungiwa dereva mwenye ulemavu navyo huhesabiwa kuwa marekebisho, ingawa bila hivyo asingeweza kuendesha kabisa. Gari lenye springi fupi likiangukiwa na mti mahali lilipoegeshwa, sioni springi hizo zimechangia nini.

Uingereza imewahi kuipitia njia anayoitetea mwenzangu. Chini ya sheria yake ya bima za baharini ya mwaka 1906, ambayo kanuni zake zilitumika hata kwa bima za magari, kampuni iliweza kuubatilisha mkataba mzima kwa sababu ya jambo muhimu lililofichwa, hata pale mteja alipokosea bila nia mbaya. Sheria ya mwaka 2012 inayohusu wateja binafsi ilitenganisha udanganyifu na uzembe: mdanganyifu bado anaweza kukosa yote, lakini kwa aliyezembea, ikiwa kampuni ingekubali kumkatia bima kwa ada kubwa zaidi, fidia hupunguzwa kwa uwiano. Aliyelipa 600 mahali alipopaswa kulipa 800 hupata asilimia 75 ya madai yake. Sheria ya mwaka 2015 ikaongeza, katika kifungu cha 11, kwamba kampuni haiwezi kujikinga kwa sharti la kupunguza hatari ikiwa mteja atathibitisha kuwa kulivunja kusingeweza kuongeza uwezekano wa hasara iliyotokea, katika mazingira ilipotokea. Mzigo wa kuthibitisha umewekwa kwa mteja, na nadhani hapo ndipo unapostahili kuwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyelifanyia gari lake kazi hiyo.

Sitetei kulipwa kwa vitu visivyotajwa. Rimu za bei kubwa ambazo hazikuandikwa kwenye mkataba zikiibwa, kampuni ikilipa thamani ya zile za kiwandani haijamdhulumu mtu.

Anayetaka adhabu moja kwa wote angetujibu kuhusu mnunuzi wa gari lililotumika, ambaye programu ya injini ilibadilishwa na mmiliki wa kabla yake bila kuacha alama yoyote inayoonekana kwa macho, na ambaye alipoulizwa kwenye fomu ya maombi kama gari limefanyiwa marekebisho alijibu "hapana" kwa nia njema. Je, naye asilipwe kitu?