Simu ya mezani kijijini, sauti ndogo: nirekebishe waya, ninunue ya kukuza sauti, au nihamie ya laini (ya kadi ya SIM)?

Mshambaa_wa_Juu: Wakuu, nyumbani kwa wazee huko Lushoto kuna simu ya mezani ya waya. Mzee akiongea anasikika vizuri tu, ila yeye hamsikii mtu mpaka azime redio na kufunga dirisha. Kati ya hizo njia tatu, ipi inalipa?

FundiNguzo: Mkuu, usitoe hela kabla ya kupima. Chomoa simu zote, chomeka moja tu kwenye kile kiboksi cha kwanza waya unapoingilia ndani. Sauti ikiwa safi hapo, mchawi ni waya wa ndani. Kagua viungo: utakuta shaba imeota kutu ya kijani, imeviringwa kipande cha mfuko wa plastiki. Kata, menya shaba mpya, unga upya. Nje ya kiboksi waachie kampuni ya simu. Halafu kama anasikika vizuri ila yeye hasikii, mimi nashuku kispika cha mkonga, kile kipande anachoshika sikioni. Azima simu nyingine ujaribu.

Nana_Pangani: Ile ya kukuza sauti tulimnunulia mama, ikafaa kwa kuwa laini ya waya ilikuwa safi, masikio ndiyo yamechoka. Laini ikiwa na mikwaruzo, nayo inakuzwa vilevile!

KijanaMnara: Hamia ya laini tu, shaba imepitwa na wakati. Weka antena ya nje, ielekeze mnarani, waya wake uwe mfupi. Ule mwembamba wa aina ya RG58, kwenye 900 MHz (masafa mojawapo ya mitandao ya simu), unapoteza karibu nusu ya nguvu kila mita 6 au 7. Na vile viboksi vya kukuza mawimbi visivyo na idhini achana navyo, vinavuruga mnara.

FundiNguzo: @KijanaMnara hapo sikubali. Mtandao dhaifu hukatakata maneno, haupunguzi sauti, kwa hiyo antena haitibu ugonjwa huu. Tena simu ya shaba hupata umeme kutoka kituo cha simu kupitia waya wake, volti 48 hivi. Tanesco wakikata, yeye anaongea. Ya laini betri ikiisha, kwisha.

KijanaMnara: Sawa fundi, lakini waya ukiibwa je?

FundiNguzo: Hapo umenishika 😄

Mshambaa_wa_Juu: Mrejesho: dogo kaazima simu ya jirani akaichomeka palepale. Mzee anasikia, redio ikiwa inaimba. Sasa nauliza, mkonga mtupu unauzwa, au ninunue simu nzima?

FundiNguzo: Nunua nzima, mkuu. Ila kamba ya mkonga wa zamani usiitupe, hizo mpya huwa fupi.