CRP ikizidi 3: kiwango hiki ni kimoja kwa watu wa asili zote?

Maabara Chake Chake
Assalamu alaykum. Kwa CRP nyeti (kipimo kinachoonyesha hata kiasi kidogo cha CRP, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe) tunasoma hivi: chini ya 1 mg/L hatari ya moyo ni ndogo, 1 hadi 3 wastani, zaidi ya 3 kubwa. Wanaokuja kupima hapa wana asili ya Kiafrika, Kiarabu, Kihindi, Kingazija. Wote tuwasomee hivyo hivyo? Kuna mama wa miaka 34, hana dalili yoyote, CRP 4.2.

Dakta wa moyo
Waalaykum salaam. Kiwango ni kimoja, ila wanaokivuka hawalingani. Utafiti wa MESA, ulioanza Marekani mwaka 2000 kwa watu 6,814, ulikuta CRP ya weusi iko juu na ya wenye asili ya Kichina iko chini kabisa. Lakini walioongoza kwa kalisiamu kwenye ateri za moyo, ambayo ni alama ya ateri kuharibika, ni Wazungu! Kwa hiyo CRP kubwa si ushahidi kwamba ateri imeharibika. Mafuta ya tumboni hutoa IL-6 (kemikali ya kuamsha uvimbe), nayo huliamrisha ini litengeneze CRP. Mpime mama kiuno kabla hujamuuliza kabila.

Fundi maabara, Unguja
Hiyo 4.2 imetoka kwenye mashine gani? Kipimo cha kawaida cha CRP, cha lateksi, huanza kuonyesha kwenye 6 hivi, kwa kazi hii haifai. Angalia na kizio: 0.42 mg/dL ndiyo 4.2 mg/L, na hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Ikipita 10, tafuta jino bovu, kidonda, homa. Akishapona, ngoja wiki mbili ndipo umpime. Rudia kipimo baada ya wiki mbili nyengine, kisha chukua wastani wa majibu mawili. ESR (kasi ya chembe nyekundu za damu kutuama) msiitumie badala yake, upungufu wa damu peke yake unaipandisha.

Maabara Chake Chake
Mashine ni ya CRP nyeti, kizio mg/L. Anameza vidonge vya uzazi wa mpango.

Dakta wa moyo
Vikiwa na estrojeni, vyenyewe vinapandisha CRP bila ateri kuguswa. Asianzishiwe statini (dawa ya kupunguza kolesteroli) kwa namba hiyo. Utafiti wa JUPITER wa 2008, uliotumia statini ya rosuvastatin 20 mg kwa wenye CRP ya 2 au zaidi, ulichukua wanawake wa miaka 60 kwenda juu, na huyu ana 34. Mpimeni presha, sukari na LDL (kolesteroli mbaya). Mkipata pa kupima Lp(a) (chembe ya mafuta ya damu inayofanana na LDL), mara moja tu inatosha. Hiyo huwa juu zaidi kwa wenye asili ya Kiafrika, na ina mkono wake kwenye ugonjwa wa ateri, wakati CRP ni dalili tu.