Hivi neno moja "usonji" linawatosha wote hawa?

Baba wa Mmoja:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Mwanangu ana miaka 14, ana usonji (autism). Haongei. Usiku anavaa nepi, na mlango wa nje tumeuwekea komeo la juu kabisa, la sivyo anatoka mbio na gari halimtishi. Juzi mwenzangu kazini, mhasibu mzuri tu, kaniambia naye ana usonji, kapimwa mwaka jana. Nikampa hongera ya kuupata ukweli wake, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani najiuliza: hali yao ni moja kweli?

Daktari wa akili aitwaye Leo Kanner alipoieleza hali hii mwaka 1943 alikuwa na watoto 11. Mwaka uliofuata daktari Hans Asperger akaeleza wavulana wanne kule Vienna, waongeaji, maprofesa wadogo. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ule wa DSM, ukaiingiza hali ya hao waongeaji kwa jina la Asperger mwaka 1994, kisha toleo la 2013 likalifuta, wote wakatiwa kapu moja lenye ngazi tatu za mahitaji. Shirika la Afya Duniani likafuata mkondo huohuo kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika 2022.

Sasa watu wanapiga kelele kwamba kuna mlipuko. Marekani walikuwa wanahesabu mtoto 1 kati ya 150 mwaka 2000, na 1 kati ya 31 mwaka 2022. Mimi naona sehemu kubwa ni kapu kupanuliwa na watu kujua pa kutazama. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni kwamba mtafiti akitaka "wenye usonji" anawapata wanaoweza kujaza dodoso na kutulia ndani ya mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ubongo. Nani atamlaza wangu humo?

Mwaka 2021 jopo la jarida la kitabibu la Lancet lilipendekeza jina la "usonji mzito": kuanzia miaka 8, anayehitaji mtu mzima awe karibu naye saa 24, hana maneno au ana machache sana, au akili yake iko chini mno kwenye vipimo. Naunga mkono. Nyie je?

Jongoo:
Siku hizi kila mtu ana usonji. Hata mimi sipendi kelele.

Kimyakimya:
Jongoo, vigezo vinataka dalili ziwepo tangu utotoni na ziwe zinakukwamisha maisha. Kuchukia kelele peke yake hakukupi cheti.

Kaka, pole na malezi. Ila mimi ndiye huyo mhasibu wako, kwa kazi nyingine. Watu husema natazama vizuri usoni. Kumbe nahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, nahamia kwenye sikio, narudi tena. Nilijifunza nikiwa na miaka tisa kwa kumwiga msichana wa dawati la mbele. Jioni nazima taa na kukaa sakafuni bafuni hadi mwili utulie. Kwenye karatasi mimi ni ngazi ya 1, ile ya mahitaji madogo, kwa sababu daktari aliniona kwa muda wa saa mbili tu, tena asubuhi. Wasichana tumepitwa miaka mingi maana kielelezo kilitokana na wavulana. Hata kwa Kanner walikuwa 8 kati ya 11. Ukishaandika "mzito", mimi nitaitwa "mwepesi", na mwepesi hapewi kitu.

Mpimaji:
Kazi yangu ni kupima watoto, niongeze mawili. Hakuna kipimo cha damu. Tunatazama mtoto anavyocheza na kumhoji mzazi. Mama mmoja alijibu kwamba mwanawe anamtazama usoni. Nikamwangalia mtoto: macho yake yalikuwa kwenye hereni.

Asperger haikufutwa kwa kuonewa. Mtafiti Catherine Lord na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti wa vituo 12, wakakuta kilichoamua mtoto apewe jina gani zaidi ya kingine chochote ni kituo alichopelekwa. Ndiyo maana mgawanyo mpya unanitia wasiwasi, kaka. Hata hizo ngazi tatu, nakiri, kuna siku naandika ile itakayompatia mtoto huduma.

Baba wa Mmoja:
Mpimaji, umekiri jambo ambalo sisi wazazi tunalinong'ona tu.

Dada Kimyakimya, la bafuni limenigusa. Wangu naye akizidiwa hukimbilia hukohuko, na taa anazima mwenyewe. Basi kuna kitu mnashirikiana, nakubali, na "mwepesi" silitaki hata mimi. Lakini nikijaza fomu ya kuomba mlezi wa usiku, swali ni moja: ana usonji, ndiyo au hapana? Mwezi uliopita nilitia alama kwenye ndiyo. Wakanitumia kijitabu cha kumwandaa kwa usaili wa kazi.