"HIYO NDEGE SI YETU": nimelala chini uwanja wa ndege wa O'Hare, nina hasira mpaka kucha zinauma

MbegaMweupe:
Wakuu, salamu leo mtasalimiana wenyewe.

Sitaji jina la shirika la ndege. Mnawajua, wale wa mkia ule. Nimetoka Dar, nimevuka bahari mbili, nimefika Chicago nimebakiza kipande cha saa moja tu hadi Des Moines, mama watoto kashasonga ugali. Saa nne usiku ubao unaandika: imefutwa. Nje kuna manyunyu ambayo hata kuku hayamkimbizi!

Naenda kaunta. Dada kavaa skafu yenye nembo yao. Kalamu, nembo yao. Peremende kwenye kibakuli, nembo yao. Naomba hoteli, ananitazama kama nimemwomba figo, kisha kwa upole kabisa: "Samahani bwana, hiyo ndege si yetu."

SI YENU? Hela mlikata nyinyi! Mkia wenu! Karatasi niliyofutia jasho ina jina lenu! Mtoto kafanana na baba mpaka kisogo, halafu baba anasema muulizeni jirani.

Nimelala kwenye zulia, begi ndio mto, dagaa wa mama mkwe wamo humo wananipumulia usoni. Saa nane usiku nazinduka, naisikia tena: hiyo ndege si yetu. Na SKAFU kavaa!

KisuButu:
Miaka yote Marekani na tiketi husomi? Pale chini pana maandishi ya sisimizi: inaendeshwa na fulani. Pole lakini. Ugali ulipoa?

MbebaMabegi:
Nipo chini ya ndege hapohapo kila siku, ngoja niseme. Hao mashirika wakubwa wanakodi ndege kwa kampuni ndogo. Ratiba wanapanga wao, nauli wao, siti wanauza wao, mafuta kwa kawaida juu yao. Mdogo analeta marubani na wahudumu, anapaka ndege rangi ya bosi, analipwa bei ya mkataba kwa kila safari na kila saa ya injini, ijae au ibebe upepo. Ni daladala ambayo hesabu imegeuzwa: mwenye jina ndiye anampelekea hela mwenye gari. Mdogo hapati presha ya siti tupu, ila hana sauti pia. Uwanja ukibanwa na hali ya hewa, ndege za siti 50 ndizo zinafutwa kwanza ili ya siti 180 iruke. Mkuu, wewe ulikuwa chenji.

MbegaMweupe:
Chenji?! Na skafu je?

MbebaMabegi:
Hata skafu ni ya mkataba.

KisuButu:
Si wanunue wenyewe hizo ndogo basi?

MbebaMabegi:
Wengine wanao watoto wao kabisa: Endeavor ni ya Delta, Envoy ni ya American. Ila rubani wa mtoto halipwi kwa mkataba wa rubani wa baba, na hapo ndipo penye unafuu. Ndiyo maana chama cha marubani wa wakubwa kimebana: wadogo wasivuke siti 76.

ShangaziMinneapolis:
Mnacheka. Ile ajali ya ndege karibu na Buffalo, Februari 2009, walikufa watu 50. Ubavuni jina la mkubwa, Continental, waendeshaji ni wadogo, Colgan. Ndipo wakubwa wa nchi wakaanza kuuliza marubani wa vindege wanalipwa nini na wanalala wapi. Tangu 2013 hata rubani msaidizi kwa kawaida anatakiwa awe na saa 1,500 za kurusha ndege.

KisuButu:
Shangazi umeleta tanga kwenye uzi wa dagaa.

TandaleJuu:
Afadhali zulia. Mimi basi la Mbeya lilitufia Mikumi, tembo anatuangalia. Konda anasema gari tumeazimwa tu, pigeni namba ya ubavuni. Namba yenyewe tarakimu ya mwisho imebanduka!

KisuButu:
Lile la pazia za zambarau?

TandaleJuu:
Hilohilo!

ShangaziMinneapolis:
Hao wana ndoo yangu ya asali tangu Pasaka.

TandaleJuu:
Ndoo? Mimi waliniletea kuku wa mtu mwingine. Hai. Nikaambiwa nisaini.

MbegaMweupe:
Jamani, mimi bado niko O'Hare.

KisuButu:
Kuku ulimsaini?

TandaleJuu:
Nilimsaini. Anataga mpaka leo.

ShangaziMinneapolis:
Mbega, hao dagaa ni wa Kigoma au wa Mwanza? Kama ni wa Kigoma nicheki pembeni.