Naomba ushauri: mashine ya kufulia haikamui, nguo zinatoka chapachapa

Assalamu alaykum ndugu zangu. Nipo Mwanakwerekwe, nina mashine ya kilo 7 ya mlango wa mbele, ya mtumba. Kuosha inaosha vizuri, ila ikimaliza nguo zimerowa chapachapa. Jana nilikamua kanzu moja kwa mkono, maji yakafika nusu kopo. Na masika haya kamba ya uani haikaushi kitu, watoto wanavaa sare za skuli zina unyevu.

Filta ya chini nimeshaifungua. Nimekuta pini ya mtandio, sarafu ya mia mbili na uchafu unateleza kama ute wa bamia. Nikasafisha. Maji yanatoka yote, mpira wa nyuma wa kutolea maji haujajikunja, na mzunguko wa kukamua nimeuweka 1200 kwa dakika.

Kinachonishangaza, ikifika kukamua ngoma inageuka polepole, inajaribu mara mbili tatu, halafu inakata tamaa. Nguo nyepesi za kiasi, mara nyengine inakubali. Taulo zito likiwa peke yake, haitaki kabisa. Nimeiweka ukumbini, sakafu yenyewe imebonyea upande mmoja.

Fundi kaitazama dakika tano, kasema mota imekufa ninunue nyengine. Mie sijaridhika, mota iliyokufa ingegeuza nguo vipi wakati wa kuosha?

Wajuzi, nianze na kipi kabla sijatoa pesa: kuisawazisha miguu, mkanda unaozungusha ngoma, au kaboni za mota (vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota)? Na umeme mdogo wakati wa magharibi, taa zinapofifia, unaweza kuwa ndio sababu?