Hindu Kush, Malawi Gold, Durban Poison: hii "indica ya kulaza" ina ukweli?

Fundi Saa (Temeke)
Wakuu, habari za jioni. Binamu yangu anaishi Amsterdam, yuko likizo hapa, na tangu afike barazani ni ubishi mtupu. Anadai bangi ziko mbili: indica inalaza, sativa inachangamsha. Indica yake ni Hindu Kush, sativa zake Malawi Gold na Durban Poison. Mimi nimekua nikisikia "cha Arusha" na "cha Malawi", basi. Nani ana elimu ya asili, umbo na athari zake? Sitafuti muuzaji, msinijazie inbox.

Bwana Shamba
Kwenye mmea wenyewe binamu hajakosea. Hindu Kush ni safu ya milima ya Afghanistan na Pakistan, kilomita 800 hivi, na kilele chake Tirich Mir kina mita 7,708. Kiangazi kifupi, hewa kavu, usiku baridi. Mmea wa huko umezoea kuwahi: mfupi, umejaa kama kichaka, majani mapana ya kijani iliyokolea, maua yanakomaa kwa wiki 7 hadi 9. Utomvu wake ni mwingi mno, ndiyo maana Waafghani huukausha na kuuchekecha wapate charasi, yaani utomvu wa bangi ulioshikana. Hizo mbili za kusini ni ndefu, majani membamba, maua hayakubanana. Ile ya Malawi hufungwa kwenye maganda ya mahindi.

Sasa huo wa Kush uulete Dar uone. Maua yaliyoshikana vile na unyevu huu wa pwani, ni ukungu tu. Halafu mmea huo huanza maua mchana ukiwa mfupi, na mchana wetu haufiki urefu wa saa 13 hata Desemba, kwa hiyo ungetoa maua ungali kimbilikimo.

Kijiwe Nongwa
Mimi zamani nilivuta puli la cha Arusha nikalala barazani mpaka adhana ya alfajiri. Nayo ni indica?

Msomi wa Upanga
Swali lako la utani ndilo lenyewe, Nongwa. Mtaalamu wa mimea Linnaeus aliandika jina Cannabis sativa mwaka 1753. Mwenzake Lamarck akaongeza Cannabis indica mwaka 1785 kwa mimea iliyotoka India, na ile ilikuwa na majani membamba! Ule mfupi wa Afghanistan ulikuja kubandikwa jina la indica miaka ya 1970, baada ya mtaalamu wa mimea Schultes kuutembelea huko. Utafiti wa vinasaba wa 2015, na mwingine wa 2021, ulikuta vibandiko vya indica na sativa havilingani vizuri na ukoo wa mimea. Kilichoonekana ni harufu: zinazoitwa indica huwa na mirsini zaidi, kemikali yenye ule mnuko wa udongo. Na neno letu bangi nalo asili yake ni India.

Dada Mfamasia
Kinacholewesha ni THC, iliyotengwa na Gaoni na Mechoulam mwaka 1964. Inashika vipokezi vya CB1 kwenye ubongo, na vipokezi havijui mlima wala bandari. Kulala au kuchangamka kunategemea kiasi cha THC, CBD iliyomo (kemikali nyingine ya bangi, isiyolewesha), mazoea na mwili wa mtu. Macho mekundu, kinywa kikavu, moyo mbio, njaa na kusahausahau utavipata kwa zote tatu. Tena anayeitumia kila siku ili alale, siku akiacha usingizi unakata na ndoto zinakuwa kali. Kwa vijana, yenye THC nyingi huongeza hatari ya kuchanganyikiwa akili.

Mama Nuru
Mdogo wangu aliambiwa "hii Kush", kumbe hata aliyemuuzia hajui ni nini. Mjini hapa jina halina maabara. Kule Sierra Leone "kush" ni kitu kingine kabisa, mchanganyiko wa kemikali za viwandani, hadi rais akatangaza hali ya dharura Aprili 2024. Na sheria yetu ya dawa za kulevya ya 2015 haiulizi indica wala sativa. Afrika Kusini mahakama iliruhusu matumizi ya faragha 2018, ila huko ni huko.

Fundi Saa (Temeke)
Shukrani wakuu. Binamu kasoma yote, kanyamaza, kisha kauliza: basi kule dukani alikuwa akilipia nini?

Bwana Shamba
Majani mapana.