PLONK! Eti kwa sababu nimeingia kwa kivinjari?!

Wakuu, nimetoka sasa hivi kule kundini Usenet, yale makundi ya mijadala ya mtandaoni ya tangu zamani, hata vidole vinatetemeka. Mnaomjua mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule mwenye saini ndefu utadhani wosia wa ukoo.

Nimeuliza kistaarabu kabisa. Darubini yangu ni ya vioo, aina ya Newton. Nikiitoa nyota kwenye fokasi kidogo, napata duara ambalo kile kivuli cha katikati kimesogea pembeni. Niguse skrubu zipi kwanza? Basi. Swali la darubini, kwenye kundi la darubini.

Jibu la bwana mkubwa: PLONK.

Neno moja! Kwa wageni wa Usenet, hiyo ni sauti ya mtu kudondoshwa kwenye orodha ya wasiosomwa. Sasa si angenidondosha kimyakimya, programu yake inifiche, maisha yaendelee? Hapana. Kaandika hadharani, kundi zima lione, kisha chini yake hiyo saini, ambayo kwa desturi haitakiwi kuzidi mistari 4. Ya kwake ukianza kuisoma jioni unamaliza mwezi umeshatua!

Na kosa langu ni nini? Nimepitia lango la wavuti. Kachungulia kichwa cha ujumbe, kaona nimetumia kivinjari, PLONK. Jamani, njia ni njia! Wenye programu za kusomea Usenet, wa slrn kwenye terminali nyeusi, wa Pan, wa Thunderbird, na mimi wa kivinjari, wote tunasoma ujumbe uleule unaozunguka seva hadi seva. Usenet imekuwepo tangu 1980, haijawahi kuwa mali ya mtu.

Chuki yao najua ilikotoka. Google Groups, lango la wavuti la Google, ilitumwagia spamu miaka na miaka, hadi Google walipoacha kupokea ujumbe mpya wa Usenet tarehe 22 Februari 2024. Sasa mimi nahusikaje? PLONK! Mtu mzima! Kwa swali la skrubu!

Kiza Totoro: Povu lote hili kwa herufi 5? Mkuu, kanywe maji.

Poti 563: Hata mimi alinipa hiyohiyo, kisa nimejibu juu ya nukuu, yaani jibu langu nimeliweka juu ya maneno ninayoyajibu badala ya chini yake. Nahisi kaiwekea kitufe.

Mama Sayari: Pole mkuu, ila na wewe jiongeze. Thunderbird bure, akaunti ya seva ya Usenet ya eternal-september bure. Unaweka anwani ya seva, poti 563 ili mawasiliano yafichwe kwa TLS, unajiunga na kundi, kwisha. Huko ungekuwa na chujio lako, ungemfungia yeye kabla hajakufungia.

Mleta uzi: Mama, programu sijazikataa. Nachokataa ni dharau. PLONK mbele za watu, Mama! Mbele za watu!

Lenzi Mbovu: Mama Sayari usimpoteze kijana. Thunderbird ni ya barua pepe, habari za makundi imebebeshwa tu. Weka slrn. Unapanga alama zako: mada hii ipande, mtu yule ashuke, na yote kwa kibodi.

Kiza Totoro: Ninyi wa slrn ndio mnaokata mistari kwenye herufi 72! Nikisoma kwenye simu kila mstari unavunjika mara mbili, nasoma ngazi.

Lenzi Mbovu: Nani alikutuma usome kwenye simu?

Poti 563: Wa simu ndio hao wanaojibu juu ya nukuu na kuburuza mkia wa ujumbe mzima chini.

Kiza Totoro: Wewe si umesema hapo juu ulipigwa plonk kwa kosa hilohilo?

Poti 563: Nilikuwa kwenye simu.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mada. Huyu mtu kaniandikia PLONK...

Mpita Njia: Anza na kioo kidogo. Kikae katikati ya bomba la lenzi ya jicho, kisha ukiinamishe hadi uone kioo kikuu chote ndani yake. Ndipo uje skrubu za kioo kikuu, nyota ukiirudisha katikati ya uwanja kila unapogusa.

Poti 563: Mpita Njia hujanukuu. Unamjibu nani?

Lenzi Mbovu: Afadhali asinukuu kuliko kunukuu ukurasa mzima na kuandika "sawa".

Mama Sayari: Sawa.